Laini Iko kwa Jina la Nani?

Ukitaka kujua historia ya pesa ya huku kwetu, usianze na benki. Simama sokoni Base Camp siku ya malipo, usikilize midomo ya watu. Mnyankole anasema sente. Mkongomani anasema makuta, ama falanga, ama feza, kulingana na umri wake na upande aliotoka. Mrundi anasema amahera, Mnyarwanda amafaranga, Msomali lacag. Aliyewahi kuishi Tanzania anasema hela. Na wote wakitaka kuelewana haraka wanasema pesa.

Kila neno hapo ni serikali iliyopita ikaacha jina lake. Hela na amahera ni heller ya Wajerumani, waliotawala Tanganyika, Rwanda na Burundi mpaka vita ya kwanza ya dunia. Walipoondoka, Wabelgiji wakaleta faranga yao, Wanyarwanda wakaichukua, Warundi wakabaki na jina la Mjerumani mdomoni hata noti zao zikiandikwa faranga. Pesa ni paisa ya Wahindi, ilikuja na rupia. Sente ni senti ya shilingi ya Mwingereza. Feza ni fedha yenyewe, ile madini. Waganda bado wanasema ensimbi, na simbi ni kauri, yale makombe madogo ya bahari yaliyokuwa yanahesabiwa kwenye kamba kabla ya rupia. Makuta ndiyo yananichekesha zaidi. Yalikuwa vipande mia vya zaire, pesa aliyoanzisha Mobutu mwaka 1967. Zaire imekufa tangu 1998, Mobutu amekufa, nchi imebadilisha jina, lakini mtoto aliyezaliwa hapa Nakivale akitaka kununua chapati anamwambia mama yake, "Nipe makuta."

Mimi si mtu wa benki, na sitaki kujifanya. Nimekusanya niliyosoma na niliyoyaona kati ya Ruti na Nakivale ili kufuata swali moja tu, lile ambalo wakala wa simu anakuuliza kabla hajakugusia pesa yako: laini iko kwa jina la nani? Swali hilo linaonekana la juzi, la zama za simu. Nadhani ni la zamani sana. Kila njia ya kulipana iliyowahi kufika huku imesimama juu ya mtu fulani aliyekubali kusema, "Huyu namjua." Mkimbizi shida yake ya kwanza ni kwamba waliokuwa wanamjua amewaacha nyuma.

Nakivale ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 na yaliyofuata. Wengi walikuja na ng'ombe, ama walianza upya kufuga huku Isingiro. Wakati ule Uganda ilitumia shilingi ya Afrika Mashariki, iliyosimamiwa na bodi ya sarafu ya Waingereza iliyoanzishwa 1919. Benki Kuu ya Uganda ilifungua milango Agosti 1966, ndipo shilingi ya Uganda ikazaliwa. Lakini mfugaji wa Nakivale hayo yalimhusu nini? Benki zilikuwa Mbarara mjini, na akiba yake ilikuwa inakula majani. Ng'ombe anazaa, na hiyo ndiyo riba. Ng'ombe unaweza kumweka kwa rafiki ili ugonjwa ama ukame usimalize wote mahali pamoja, na Wanyankole wana neno omukago kwa urafiki wa kuchanjiana damu, urafiki ambao mtu hawezi kuukana hata kama hakuna karatasi. Hapo ndipo palipokuwa na mdhamini.

Benki hiyo ilivunjwa Oktoba 1982. Katika utawala wa pili wa Obote, watu walioitwa Banyarwanda walifukuzwa kwenye mashamba na nyumba zao katika Ankole, wakimbizi na wasio wakimbizi pamoja. Ng'ombe walichukuliwa, nyumba zikachomwa, watu wakasukumwa kurudi makambini Nakivale na Oruchinga, ama kuvuka kwenda Rwanda. Vitabu huyataja hayo kama siasa, na ni kweli yalikuwa siasa. Mimi nayasoma pia kama tunavyosoma habari ya benki iliyofilisika: watu waliamka asubuhi, akiba haipo, na wa kumlalamikia ndiye aliyeichukua.

Miaka mitano baadaye zikafuata noti. Mei 1987 serikali mpya ya Museveni ilibadilisha pesa: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na kwenye kubadilisha, asilimia 30 ilikatwa kama kodi. Yaani ukipeleka 10,000 za zamani, ulipaswa kupata 100 mpya, unapewa 70. Mfumuko wa bei ulikuwa umeharibu kila kitu na lazima serikali ingefanya jambo, sikatai. Lakini fikiria nani aliumia. Mwenye shamba bado ana shamba, mwenye duka anaficha bidhaa. Mtu aliyeuza ng'ombe wawili wa mwisho akaweka noti chini ya godoro, huyo ndiye aliyelipa kodi yote.

Sisi tuliotoka Kongo hatushangai noti kufa. Wazee wetu wana orodha. Desemba 1979 Mobutu alitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazitumiki tena, mipaka ikafungwa, watu wakapewa siku chache za kubadilisha, na kiasi cha kubadilisha kikawekewa kikomo. Walioishi mbali na benki walibaki na makaratasi. Januari 1993 ikatoka noti ya zaire milioni tano; Tshisekedi, aliyekuwa waziri mkuu, akasema haina thamani, wafanyabiashara wakaikataa, na wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo wakaingia mitaani Kinshasa kupora. Watu wengi waliuawa, hata balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, akapigwa risasi. Oktoba mwaka huohuo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Wakasai waliikataa kabisa, wakaendelea na ile ya zamani. Mwaka 1998 ikaja franga, moja kwa 100,000 za hiyo zaire mpya. Piga hesabu mwenyewe: franga moja ni zaire bilioni 300 za mwaka 1992.

Ndiyo maana mama wa Kikongo ukimlipa dola ataishika juu kwenye mwanga, ataikunja, atatafuta alama ya kuchanika, na akiona kidogo tu anakurudishia. Vijana wa hapa wanamcheka. Hawajui amezika noti ngapi. Na jambo lenyewe halijaisha: Juni 2023 Burundi ilifuta noti zake za faranga 5,000 na 10,000 kwa kutoa siku kumi za kubadilisha. Mtu aliyekimbia Burundi na akiba yake ndani ya mfuko, akiwa huku Nakivale siku hizo kumi, angezipeleka wapi?

Wasomali walikuja na jibu ambalo sisi wengine hatukuwa nalo. Benki za Somalia zilianguka pamoja na serikali mwaka 1991. Lakini Wasomali hawakuacha kutumiana pesa. Walifanya hata zaidi, kwa sababu nusu ya ukoo ilikuwa nje. Njia yao ni hawala, nao wanaiita xawilaad. Neno hilo Waswahili tunalo tangu zamani, posta ilikuwa na hawala zake. Kazi yake ni hivi: unampa mtu dola mia Minneapolis, yeye anampigia ama kumwandikia mwenzake wa upande wa pili, mwenzake anampa mama yako dola mia. Pesa yenyewe haijasafiri popote. Wale wawili wanadaiana, na deni lao linalipwa baadaye kwa bidhaa, ama kwa mtu mwingine anayetuma upande wa kurudi. Mama yako akienda kuchukua hawaulizi karatasi za ofisi. Wanamuuliza ni binti wa nani, wa ukoo gani, mara nyingine wanatafuta mzee wa kumtambua.

Wengi wetu tuliwaonea wivu Wasomali wa Nakivale kwa hilo. Wao walipokea pesa wakati Mkongomani mwenye dada Canada anahangaika. Lakini njia hiyo nayo ilipigwa. Novemba 2001 Marekani ilifunga Al-Barakaat, kampuni kubwa kuliko zote za hawala za Kisomali, kwa madai ya ugaidi. Baadaye wachunguzi wa tume ya Septemba 11 waliandika kwamba ushahidi wa madai hayo haukupatikana, lakini pesa za watu zilikuwa zimeshafungiwa. Mwaka 2013 benki ya Barclays ya Uingereza ikataka kufunga akaunti za makampuni ya namna hiyo, na Dahabshiil ikaenda mahakamani kuizuia. Hapo ninaona kitu: hawala haihitaji benki huku kijijini, lakini kule juu, mahali deni kubwa linapolipwa, inaihitaji. Mlango ukifungwa London, mama wa Nakivale analala njaa bila kujua London imefanya nini.

Kwa sisi wengine ilikuwa karatasi. Pesa za nje zilifika Mbarara mjini, kwenye dirisha lenye bango la njano na nyeusi, na dirisha linataka kitambulisho. Kitambulisho gani? Wengi tulikuwa na barua ya OPM yenye picha ya familia nzima, imekunjwa mara nane. Mhudumu anaigeuza, anaita mkubwa wake, mkubwa anasema rudi kesho. Kwa hiyo ikazaliwa kazi ambayo haina jina rasmi, kazi ya mtu mwenye kitambulisho. Mnyankole wa Ruti ama wa mjini, mara nyingi mtu mwema kabisa, anatumiwa pesa kwa jina lake, anaitoa, anakata chake, anakupa. Chake kilikuwa kiasi gani? Inategemea shida yako siku hiyo. Nimesikia watu wanawatukana hao kuwa wezi, na wezi walikuwepo. Lakini wengi walikuwa wanauza kitu ambacho sisi hatukuwa nacho na ofisi haikutaka kutupa, yaani jina linaloaminika. Omukago wa bei.

Kisha simu. Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa Kenya. Miaka miwili baadaye, Machi 2009, MTN ikaleta mobaili mani Uganda, na wengine wakafuata. Ni lazima niseme wazi, kwa sababu kuna watu wanaoandika juu ya simu kana kwamba ni laana: ile ilikuwa kitu kikubwa. Kutoka Nakivale mpaka Mbarara ni safari ya kilomita zaidi ya hamsini, ya vumbi ama matope. Kabla ya simu, kijana anayepakua ndizi Ruti akitaka kumpelekea mama yake 20,000, ama aende mwenyewe apoteze kazi ya siku na nauli, ama ampe dereva na kuomba Mungu. Sasa anabonyeza.

Lakini tuelewe inavyofanya kazi, maana wengi wanadhani pesa iko ndani ya simu. Haiko. Pesa halisi imekaa benki, kwenye akaunti moja kubwa ya amana; ya MTN mwanzoni ilikuwa Stanbic, benki iliyonunua Uganda Commercial Bank ya serikali mwaka 2002. Unachoona kwenye kioo ni deni, kampuni inakiri kwamba kwenye lile rundo kiasi fulani ni chako. Kwa miaka kumi na zaidi jambo hilo halikuwa na sheria yake. Benki Kuu ilikuwa inatoa tu barua kwa benki kusema haina pingamizi, kisha mwongozo wa 2013, mpaka sheria ya mifumo ya malipo ilipopitishwa 2020. Mfumo wote wa nchi ulitangulia, sheria ikaja nyuma inakimbia.

Na wakala wa kibanda cha rangi ya njano ama nyekundu, yeye anacheza na marundo mawili yake mwenyewe: floti kwenye simu na noti kwenye droo. Ukitoa pesa, noti zake zinapungua, floti inapanda. Ukiweka, kinyume. Sasa fikiria siku ambayo maelfu ya watu wanataka kutoa na hakuna anayeweka. Saa nne asubuhi droo ni tupu. Wakala anafunga kibanda, anapanda boda kwenda kutafuta noti. Wewe unaambiwa "netiwaki hakuna", ambalo mara nyingine ni kweli na mara nyingine ni njia ya heshima ya kusema "sina pesa". Ajabu ni kwamba tatizo hilo ni lilelile la hawala, marundo mawili yanayotakiwa kusawazishwa, ila Msomali wa hawala anaweza kukwambia ukweli, kuja jioni, kwa sababu anakujua.

Sasa turudi kwenye jina. Mwanzoni laini ziliuzwa barabarani kama njugu. Kisha usajili ukaanza 2012, na Aprili 2017 tume ya mawasiliano, UCC, ikatoa amri kali: kila laini ithibitishwe kwa namba ya kitambulisho cha taifa, la sivyo inazimwa. Kwa Mganda ilikuwa foleni na usumbufu. Kwa mkimbizi ilikuwa ukuta, maana kitambulisho cha taifa si chake. Kadi ya mkimbizi ilikubalika, lakini wengi hawakuwa nayo, walikuwa na atestesheni tu, ile karatasi ya familia. Karatasi hiyo haikukubalika kununulia laini mpaka Agosti 2019, UCC ilipoagiza makampuni yaikubali. Hesabu miaka hiyo kwa vidole. Zaidi ya miaka miwili, katika nchi ambayo ada ya shule, bili ya kliniki na hata deni la dukani vinalipwa kwa simu, mtu alikuwa na chaguo mbili: akae bila laini, ama atumie laini ya jina la mwingine.

Watu hawakukaa bila. Laini ya jina la jirani, ya mwenye nyumba, ya boda, ya kijana wa kanisani. Mama mmoja ninayemjua, tunakaa mtaa mmoja Ruti, laini yake ilisajiliwa na msichana aliyekuwa anauza naye nyanya. Miaka ilipita vizuri. Kaka yake alimtumia pesa ya matibabu ya mtoto, na siku hiyohiyo akakosea namba ya siri mara tatu, laini ikafungwa. Akaenda kwenye ofisi ya kampuni. Wakamwambia, kwa upole kabisa, mwenye laini aje na kitambulisho. Mwenye laini alikuwa ameolewa kijiji cha mbali na simu yake haipatikani. Yule mama alisimama pale akitaja kila kitu: kiasi, aliyetuma, saa ilipoingia, hata alichopika siku hiyo. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililomsaidia. Pesa ilikuwa salama, walimwambia. Na ilikuwa salama kweli, imekaa kwenye rundo kubwa benki, salama hata dhidi ya mwenyewe. Ilimchukua wiki tano kumpata yule msichana. Mtoto alitibiwa kwa mkopo wa kikundi.

Katikati ya miaka hiyo kukaja kodi. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza asilimia moja kwenye mobaili mani: kuweka, kutuma, kupokea, kutoa. Pesa ileile inaguswa kila inapopita. Watu wakaandamana Kampala, Bobi Wine akiwa mbele, na watu wengi wakaacha kutumia simu, wakarudi kubebana noti. Kabla mwaka haujaisha kodi ikapunguzwa kuwa nusu ya asilimia moja, kwenye kutoa peke yake. Ni shilingi 500 kwa kila 100,000, juu ya ada ya kampuni. Mtu wa akaunti ya benki akitoa pesa yake kwenye mashine hiyo hakuguswa. Kuna watu wanasema 500 ni kitu gani. Ni tambi za jioni moja, ndugu.

Mwaka huohuo wa 2018 ulikuwa mwaka wa vidole. Ilionekana hesabu ya wakimbizi wa nchi nzima imeongezwa majina hewa, na kuanzia Machi mpaka Oktoba OPM na HCR wakatuhesabu upya, vidole vyote kumi na macho. Hesabu iliyokuwa inatajwa, zaidi ya milioni 1.4, ilishuka mpaka milioni 1.1 hivi. Walioongeza majina walikuwa maofisini, waliopangwa foleni juani tulikuwa sisi, hilo naliacha hapo. Kilichobaki ni mashine ya vidole kwenye malipo. Shirika la chakula, WFP, lilikuwa limeanza tangu 2014 kuwapa baadhi ya wakimbizi wa Uganda pesa badala ya unga na maharagwe, na kidole kikawa saini.

Nataka hapa tukae kidogo, kwa sababu sisi wa Ruti tunalijua hili kwa nauli. Simu ilifanya pesa isafiri ili mwili ukae. Kidole kimefanya kinyume. Ukiishi nje ya settlement kwa sababu ndiko kibarua kiliko, sheria ya 2006 inakuruhusu kutembea na kufanya kazi, lakini siku ya malipo lazima kidole chako kiwe Nakivale. Unaomba ruhusa kazini, unapanda gari alfajiri, unapanga foleni, mashine inakataa kidole kwa sababu umekuwa unafua ama unachimba na ngozi imelika, unajaribu kingine. Nauli ya kwenda na kurudi inakula sehemu ya kile ulichofuata. Sisemi kidole ni kibaya. Hakuna anayeweza kukopa kidole cha jirani, na kidole hakiolewi kijiji cha mbali. Kwa mara ya kwanza pesa ilikuwa kwa jina letu wenyewe, bila mdhamini wa kukata chake. Ila imetufunga mahali.

Machi 2020 UGAFODE, taasisi ya mikopo midogo, ilifungua tawi ndani ya Nakivale. Zaidi ya miaka sitini tangu settlement ianze, mkimbizi aliweza kuingia mlango wa taasisi ya fedha kwa miguu na atestesheni yake ikasomwa bila kugeuzwageuzwa. Wiki hizohizo Corona ikafunga nchi. Na Aprili WFP, kwa kukosa fedha, ikapunguza msaada kwa asilimia 30: kutoka shilingi 31,000 kwa mtu kwa mwezi mpaka 22,000. Familia ya watu sita iliyokuwa inapata 186,000 ikabaki na 132,000, na masoko yamefungwa. Februari 2021 ikapunguzwa tena. Mlango wa akiba ulifunguliwa wakati wa kuweka akiba ulipokwisha.

Waliobeba watu kipindi kile, naweza kusema kwa niliyoona, ni vikundi. Sisi tunaita likelemba, Wanyarwanda ikimina, Wasomali hagbad, Wahabeshi iqub. Majina manne, jambo moja: tunaweka wote, anachukua mmoja kwa zamu. Mashirika yakaja na sanduku la kufuli tatu na daftari, wakaita mafunzo. Haidhuru, sanduku ni zuri. Lakini bibi zetu walikuwa na likelemba kabla ya kufuli. Na likelemba haiulizi laini ya nani. Inauliza kama mwezi uliopita uliweka.

Oktoba mwaka huo wa 2020 wezi waliingia kwenye mitambo ya Pegasus, kampuni inayounganisha simu na benki, na kwa siku kadhaa MTN, Airtel na Stanbic zikasimamisha kupitisha pesa kati ya benki na simu. Makampuni yakasema akaunti za wateja hazikuguswa. Sina sababu ya kubisha. Ninachokumbuka ni watu wa Ruti wakishangaa kusikia kwamba kuna kampuni katikati. Hakuna aliyewahi kututajia.

Halafu Goma. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliuchukua mji, na benki zote zikafunga. Uwanja wa ndege ukafungwa. Noti zikaanza kuisha mjini, kwa sababu noti huletwa na ndege, na wenye nazo wakazishika. Walio na pesa kwenye simu walikuta mawakala wanataka kukata sana ndipo watoe, ama wanavuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta benki inayofanya kazi. Aprili M23 ikafungua CADECO, benki ya akiba ya serikali iliyokuwa imelala, watu wakaitazama kwa mbali.

Kwa miaka yote niliyokuwa huku, pesa ilikuwa inatoka nje kuja Nakivale. Mwaka huo niliona ikigeuka. Watu waliokuwa wanangoja kutumiwa wakaanza kutuma: 10,000, 15,000, hata 5,000, kwa mama, kwa shemeji aliyebaki na watoto Majengo. Benki haikuwepo, na simu ya Uganda haikuwa ya kutegemea kule. Kwa hiyo wakafanya kama Wasomali. Unampa mtu shilingi hapa, mwenzake Goma anatoa franga, wanasawazisha baadaye kwa vitenge ama kwa samaki. Niliuliza mmoja wao, anajuaje kule atampa mtu sahihi? Akaniangalia kama mjinga. "Si namujua mama yake."

Mei 2025 WFP iliondoa watu karibu milioni moja wa Uganda kwenye orodha ya msaada. Vidole vyao bado viko kwenye kompyuta. Mtu unaenda, unaweka kidole, mashine inakutambua vizuri, jina lako linatokea pamoja na majina ya watoto wako, yote yameandikwa sawasawa, na chini yake hakuna kitu. Kutuma Goma hakukusimama. Juma lililopita nilikuwa kwa yule mtu wa vitenge, na mbele yangu kulikuwa na wanne. Wa kwanza alitoa 7,000, akataja jina la mama yake, na la mtaa.